Bomu la Kwanza Angani: Ndege ya United Iliyolipuliwa Indiana Mwaka 1933, na Muuaji Ambaye Hajajulikana Hadi Leo

Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kila mjadala wa ndege kulipuliwa unaanzia ile ya Pan Am iliyolipuliwa juu ya Lockerbie, Scotland, mwaka 1988 na kuishia hapohapo. Wachache hurudi nyuma hadi Air India 182 ya mwaka 1985. Lakini ndege ya kwanza ya abiria iliyothibitika kulipuliwa kwa bomu ikiwa hewani ni ya mwaka 1933, miaka 55 kabla ya Lockerbie, na mpaka leo hakuna mtu aliyefikishwa mahakamani kwa ajili yake. Kinachoniuma katika kesi hii ni kwamba namna ndege ilivyolipuka ilijulikana mapema kabisa. Aliyeilipua ndiye hakujulikana. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke kiporo.

Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1933, ndege ya United Air Lines ilikuwa inaikaribia Chicago. Ilitokea Newark, New Jersey, ikapitia Cleveland, na baada ya Chicago safari ilikuwa iendelee hadi Oakland, California. Ndani walikuwemo watu saba: rubani, rubani msaidizi, mhudumu mmoja na abiria wanne. Majira ya saa tatu usiku, watu wa mashambani nje ya mji mdogo wa Chesterton, Indiana, walisikia mlipuko juu yao. Walioinua macho waliiona ndege inawaka moto ikiwa kimo cha futi 1,500 hivi, yaani kama mita 450. Iliangukia kwenye miti pembeni ya barabara ya changarawe, maili tano hivi kutoka Chesterton, na ilipogonga ardhi ukafuata mlipuko wa pili. Hakupona hata mmoja.

Ndege yenyewe ilikuwa Boeing 247. Naomba nikae kidogo hapa, maana bila kuijua ndege hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini wapelelezi walishtuka. Mwaka 1933 hakukuwa na ndege ya abiria ya kisasa kuliko hiyo nchini Marekani. Mwili wote wa chuma, bawa moja kila upande, injini mbili, magurudumu yanayojikunja, abiria 10. Iliruka kwa mara ya kwanza Februari mwaka huohuo, na United ilikuwa imeagiza 60 kwa mpigo. Iliwavusha watu kutoka pwani hadi pwani kwa saa 20 hivi pamoja na kutua njiani, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa la kushangaza. Kwa hiyo hii haikuwa ndege kuukuu ya mbao na kitambaa ambayo ikianguka watu wanasema siku zake zimefika. Ilikuwa mpya, karibu inanukia rangi.

Mhudumu aliitwa Alice Scribner. Enzi hizo United iliajiri wauguzi wenye cheti kuwa wahudumu wa ndege, utaratibu ulioanza mwaka 1930, maana abiria wengi waliogopa kuruka na wengine waliugua hewani. Alice ndiye mhudumu wa kwanza wa kike wa United kufa katika ajali ya ndege. Namtaja kwa jina kwa sababu mara nyingi akitajwa anatajwa kama namba tu, mmoja kati ya saba.

Sasa tuje kwenye mabaki, na hapa ndipo kesi ilipo.

Mkia ulikatika mara tu nyuma ya choo. Uliokotwa ukiwa karibu mzima, takriban maili moja kutoka mahali sehemu kubwa ya ndege ilipoangukia. Kipande kikiwa mbali hivyo na wenzake, maana yake kiliachana nao hewani, kabla ya kugonga chochote. Choo na sehemu ya mizigo ya nyuma vilikuwa vimesagika vipandevipande. Na mlango wa choo, huu ndio ulioniaminisha mimi: upande wake wa ndani ulikuwa umechomwachomwa na vipande vya chuma, upande wa nje haukuwa na hata kimoja. Ukiusimamisha mlango huo mbele yako unaona kabisa nguvu ilitokea upande gani.

Aliyesimamia upelelezi kwa upande wa serikali kuu alikuwa Melvin Purvis, mkuu wa ofisi ya Chicago ya idara ambayo mwaka 1935 ilikuja kuitwa FBI. Ni yuleyule ambaye mwaka uliofuata, 1934, aliongoza msako uliomalizika kwa kuuawa John Dillinger, jambazi maarufu wa benki. Purvis alieleza kwamba kila kilichokuwa mbele ya sehemu ile ya mizigo kilirushwa mbele, kilichokuwa nyuma kikarushwa nyuma, na vya pembeni vikatoka nje. Maneno mepesi, lakini yanatosha. Kitu kilicholipuka kilikuwa katikati ya hapo.

Uchunguzi wa vipande ulifanywa na ofisi ya mchunguzi wa vifo ya wilaya ya Porter pamoja na maabara ya upelelezi wa jinai ya Chuo Kikuu cha Northwestern. Maabara hiyo ina historia yake. Ilianzishwa baada ya mauaji ya Siku ya Mtakatifu Valentine mwaka 1929, watu saba walipopigwa risasi ndani ya gereji Chicago na jiji likagundua kwamba halina mahali pa kupima ushahidi kwa njia ya sayansi. Maabara iliyozaliwa na mauaji ya magenge ndiyo iliyosema ndege hii ililipuliwa, na kwamba kilipuzi kinachoelekea kutumika ni nitrogliserini.

Baada ya hapo ikaanza kazi ya kumtafuta mtu, na kila uzi waliouvuta ulikatika.

Wa kwanza: abiria mmoja alionekana Newark akipanda na kifurushi cha rangi ya kahawia. Unaweza kufikiri, tayari ameshapatikana. Lakini kifurushi kilipatikana kwenye mabaki, na huyo abiria akaondolewa kwenye orodha. Wa pili: kwenye mabaki iliokotwa bunduki. Ilipofuatiliwa ikaonekana ni mzigo wa abiria aliyekuwa anakwenda kulenga shabaha kwenye klabu ya bunduki ya North Shore, Chicago. Ni mtu na mchezo wake.

Ikaishia hapo. Hakuna aliyeshtakiwa. Novemba 2017, FBI ilizifungua kwa umma nyaraka 324 za upelelezi huo. Miaka 84 ilikuwa imepita, na ndani ya nyaraka hizo hakuna jina la muuaji.

Karibuni tujadili.

---

Nyota ya Magharibi

Mkuu, uzi umesimama. Ila mimi ni mgumu kuamini. Ndege za zamani zilikuwa zinavuja petroli, tena kuna moto wa injini, kuna watu wanavuta sigara. Inawezekanaje waseme ni bomu mwaka 1933, bila vifaa vya leo? Isije ikawa kampuni ilitaka kuficha ubovu wa ndege yake mpya.

---

Mleta uzi

Swali zuri ndugu, na wapelelezi walilianza hilohilo. Ndege inawaka moto hewani, petroli ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Waliangalia matangi ya mafuta. Tangi likilipuka kwa ndani, kuta zake hutanuka na kupasukia nje. Matangi ya ndege ile yalikuwa yamebonyea kuelekea ndani. Hiyo ni alama ya tangi lililobanwa na kitu kingine, iwe ni ardhi au uzito wa ndege ilipoanguka. Mlipuko wa pili, ule wa chini, ndio wa petroli. Wa kwanza haukutoka huko.

Halafu angalia mahali. Uharibifu mkubwa uko nyuma, kwenye choo na mizigo. Injini ziko mbele kwenye mabawa. Moto wa injini hauwezi kuruka sehemu yote ya abiria uende kusaga choo.

Kuhusu vifaa, ni kweli hawakuwa na mashine za leo. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii mpaka sasa inafanywa kwa macho na subira: kipande kimepinda kuelekea wapi, kimetobolewa kutoka upande gani, kimeokotwa umbali gani. Moto wa petroli huyeyusha na kupinda vitu. Kilipuzi kikali huvichana chuma na kuvirusha vipande vidogo kwa kasi ambayo moto hauna. Mlango wa choo ulibeba vipande hivyo mwilini mwake. Kampuni ingeweza kudanganya kwa maneno, ila kuutoboa mlango upande mmoja na kuuacha upande wa pili safi kwa ajili ya uongo, hapana.

---

Binti wa Ziwani

Asante kwa kumtaja Alice. Nimesoma mara mbili. Naomba kuuliza, ina maana hawakukagua mizigo hata kidogo? Mtu anaingia na kifurushi tu na bunduki, hakuna anayemuuliza?

---

Mleta uzi

Dada, hakukuwa na ukaguzi kabisa. Mwaka 1933 aliyepanda ndege alikuwa mtu mwenye uwezo, mfanyabiashara au mtu wa serikali, na wazo la kwamba mteja wa namna hiyo anaweza kubeba bomu halikuwepo kichwani mwa mtu. Bunduki ya mchezo ilikuwa mzigo kama mizigo mingine.

Na usidhani hali ilibadilika haraka baada ya Chesterton. Marekani ilianza kuwakagua abiria wote kwa lazima Januari 1973. Hesabu mwenyewe: miaka 39 na ushee. Na hata hapo, kilichowasukuma zaidi ni utekaji wa ndege, yaani silaha mkononi mwa abiria. Bomu kwenye mzigo wa chini lilibaki mlango wazi. Sharti la kwamba begi lisisafiri kama mwenyewe hayumo lilipata nguvu duniani baada ya Air India 182, Juni 1985, watu 329 walipokufa kwenye bahari ya Atlantiki kwa begi lililopanda bila mwenyewe. Na bado Lockerbie ikatokea miaka mitatu na nusu baadaye, kwa begi ambalo nalo halikuwa na abiria.

Nikisoma mfululizo huo nasikia hasira, nikiri wazi. Somo la kwanza lilikuwa limelala kwenye shamba la Indiana tangu 1933, likiwa na ushahidi wake wote, na wahusika wakalipita.

---

Kumbukumbu za Kale

Mleta uzi, naomba nikukosoe kwa heshima. Chesterton si ya kwanza. Mwezi Machi 1933, ndege ya Imperial Airways iitwayo City of Liverpool iliwaka moto ikiwa hewani Ubelgiji, karibu na Diksmuide. Watu 15 walikufa. Kuna abiria alishukiwa kuwasha moto makusudi. Hiyo ni miezi sita na zaidi kabla ya hii yako.

---

Mleta uzi

Mzee wangu, umeleta jambo la maana, na ndiyo maana pale juu niliandika "iliyothibitika". City of Liverpool ilianguka tarehe 28 Machi 1933, na ni kweli moto ulionekana kuanzia sehemu ya nyuma, na ni kweli abiria mmoja alinyooshewa kidole. Lakini haikuwahi kuthibitishwa kwamba ni hujuma. Shaka ilibaki shaka. Chesterton ushahidi wa kilipuzi ulipatikana kwenye chuma chenyewe.

Ila nakubaliana nawe kwamba zinatakiwa kusomwa pamoja. Mwaka mmoja, ndege mbili, zote mbili chanzo ni nyuma ya ndege, na zote mbili hakuna hukumu.

---

fundi_saa

Mimi naona jibu liko wazi: magenge. Chicago, mwaka 1933, pombe bado imepigwa marufuku, watu wanachinjana barabarani. Nitrogliserini ndiyo waliyokuwa wanatumia kulipua makasha ya fedha benki. Kuna mtu ndani ya ndege alikuwa anajua kitu, wakamnyamazisha.

---

Mleta uzi

Mkuu, hii nadharia ndiyo iliyopendwa na wengi, na naielewa. Marufuku ya pombe iliondolewa Desemba 5, 1933, wiki chache tu baada ya ndege kuanguka. Na ni kweli wavunja makasha wa enzi hizo walizoea nitrogliserini, wengine wakiichuja kutoka kwenye baruti za migodini. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo mitaani, hilo nakupa.

Kinachonikwamisha ni lengo. Genge linalotaka kumuua mtu Chicago lilikuwa na njia rahisi kuliko zote: gari na bunduki. Walishafanya hivyo mara ngapi? Kutega bomu kwenye ndege ni kazi ya kubahatisha. Ndege inaweza kuchelewa, mtu wako anaweza kuahirisha safari, bomu linaweza kulipuka ndege ikiwa chini. Ili genge lichague njia hiyo, lazima ndani kuwe na mtu wa thamani kubwa kwao, na kati ya wale abiria wanne wapelelezi hawakumpata mtu wa namna hiyo.

Linganisha na kesi ambazo zilitatuliwa, uone tofauti.

Quebec, Septemba 9, 1949. Ndege aina ya DC-3 ya Canadian Pacific inalipuka, watu 23 wanakufa. Albert Guay alikuwa na mke ndani ya ndege, bima ya maisha ya mke, na mwanamke mwingine nje. Walioshirikiana naye ni fundi saa, samahani kwa jina lako mkuu, na mwanamke aliyekipeleka kifurushi uwanjani. Ndege ilichelewa dakika tano kuondoka, ikalipukia juu ya nchi kavu badala ya juu ya mto St. Lawrence, hivyo mabaki yakapatikana. Wote watatu walinyongwa kati ya 1951 na 1953.

Colorado, Novemba 1, 1955. United tena, ndege namba 629, watu 44. Mzigo uliolipuka ulikuwa wa mama mmoja, na kwenye mkoba wa mama huyo wapelelezi wakakuta vipande vya magazeti vinavyomtaja mwanawe, Jack Gilbert Graham, kuwa alishawahi kutafutwa kwa kughushi. Kumbe mtoto alikuwa amemkatia mama bima uwanjani, kwenye mashine. Alikamatwa kabla wiki mbili hazijaisha, akauawa kwa hukumu ya mahakama Januari 1957.

Kote kuwili mabaki yalisema "hili ni bomu", lakini aliyeleta jina ni mtu mwenye faida. Mume mwenye bima. Mtoto mwenye bima. Chesterton mabaki yalisema vilevile kwa sauti ileile, ila walipogeuka kutafuta mwenye faida, hawakumkuta. Hapo ndipo kesi ilipofia.

---

Nyota ya Magharibi

Nimeelewa la petroli, nashukuru. Sasa nauliza, bomu dogo la kubebeka mkononi linaangushaje ndege nzima ya chuma? Nadhani Boeing 247 haikuwa na hewa iliyobanwa ndani kama za sasa, kwa hiyo haiwezi kupasuka kama puto.

---

Mleta uzi

Uko sahihi, haikuwa na hewa iliyobanwa. Ndege ya sasa ikitobolewa juu kabisa, hewa ya ndani yenyewe husaidia kuupasua mwili. Hii ilikuwa chini, mita 450 tu, hewa ya ndani na ya nje ni ileile. Kilichoiua ni mahali bomu lilipokaa.

Mkia ndio unaoishikilia ndege isiangukie pua. Bawa la nyuma lile dogo linasukuma mkia chini ili pua isizame, na usukani wa juu na chini uko hukohuko. Mwili wa ndege unapoelekea mkiani unakuwa mwembamba, kwa hiyo mlipuko ambao katikati ya ndege ungetoboa shimo, kule nyuma unakata mwili mzima. Mkia ukishaondoka, pua inadondoka papo hapo na rubani hana chochote cha kushika kinachofanya kazi. Na kwa kimo kile hakuwa na hata muda.

Hakukuwa na kinasa sauti cha chumba cha marubani wala kisanduku cha kumbukumbu, vitu hivyo vilikuja miongo kadhaa baadaye.

---

Mpitaji Njia

Naongezea yangu. Kanada mwaka 1965 iko moja inafanana na hii kwa kutisha. Canadian Pacific namba 21. Na yenyewe haijatatuliwa.

---

Mleta uzi

Mkuu, asante sana. Nilikuwa naogopa kuurefusha uzi, lakini umeileta na inastahili.

Julai 8, 1965. Ndege aina ya DC-6B inatoka Vancouver kwenda Whitehorse, Yukon, ikiwa na vituo njiani. Watu 52. Mchana kweupe. Waongozaji wa ndege Vancouver wanasikia wito wa hatari ukirudiwa mara tatu, kisha kimya. Mkia ulikuwa umetengana na ndege. Ilianguka msituni upande wa magharibi wa mji wa 100 Mile House, British Columbia, na wote walikufa. Uchunguzi ukaonyesha mlipuko ulitokea kwenye choo cha nyuma.

Choo cha nyuma, mkia kukatika. Miaka 32 imepita tangu Chesterton, na sehemu ileile ya ndege ndiyo iliyotumika. Choo ni mahali pekee ambapo abiria anaweza kukaa peke yake na mzigo wake, mlango umefungwa. Kwa sababu hiyo polisi wa Kanada, RCMP, walielekeza macho yao kwa abiria wenyewe, wakawachunguza kadhaa mmoja mmoja. Hakuna aliyetajwa rasmi kuwa ndiye, na ndugu wa wale 52 wamezeeka wakisubiri.

Tofauti yake na Chesterton ni hii: Kanada walikuwa na watu wa kushuku na wakashindwa kuchagua. Indiana hawakuwa hata na wa kumshuku. Sijui lipi ni chungu zaidi kwa mfiwa.

---

Binti wa Ziwani

Kuna kitu sijakielewa. Hata wangempata, wangemshtaki kwa sheria gani? Mwaka 1933 kulikuwa na sheria ya kulipua ndege?

---

Mleta uzi

Dada umegusa penyewe. Haikuwepo sheria ya serikali kuu ya Marekani iliyotaja kulipua ndege ya abiria kama kosa lenyewe. Wangemshtaki kwa mauaji chini ya sheria za jimbo. Na hata Graham, miaka 22 baadaye, kwa watu 44 aliowaua, alishtakiwa kwa mauaji ya mtu mmoja tu, mama yake. Sheria ya serikali kuu ilitiwa saini na Rais Eisenhower Julai 1956, baada ya watu kushtushwa na kesi hiyo. Kimataifa, mkataba wa Montreal wa kuzuia hujuma dhidi ya usafiri wa anga ni wa mwaka 1971.

Kwa hiyo jibu fupi: mwaka 1933 mtu aliweza kuwaua watu saba hewani kwa kosa ambalo halikuwa bado na jina lake kwenye vitabu vya sheria vya Washington.

---

fundi_saa

Samahani nimekubali, lakini usitukimbie. Wewe mwenyewe umesoma kuliko sisi. Unamshuku nani?

---

Mleta uzi

Sitaji mtu, maana hakuna jina linalostahili kutajwa. Saba wale walishauawa, sina haki ya kumgeuza mmoja wao kuwa muuaji kwa kubahatisha. Nitakachosema ni hesabu yangu mwenyewe, mnaweza kuivunja.

Kwanza, naamini muuaji hakuwemo ndani. Uharibifu unaelekeza kwenye mizigo ya nyuma, na mlango wa choo ulipigwa kwa ndani, maana yake nguvu ilitoka nyuma ya choo ikapita chooni kuelekea kwa abiria. Mtu anayetaka kufa pamoja na wenzake angekaa na bomu lake. Huyu aliliweka mbali, mahali ambapo hakuna atakayelifungua wakati wa safari.

Pili, kama lilitegwa kwa saa, lilipakiwa ama Newark ama Cleveland. Kati ya hizo mbili mimi naegemea Cleveland. Nitrogliserini ikiwa kimiminika haipendi kutikiswa, ndiyo maana Alfred Nobel alihangaika kuichanganya na udongo mpaka akapata dainamaiti mwaka 1867. Kuibeba kutoka Newark, ikapaa, ikatua Cleveland kwa kishindo cha magurudumu, ikapaa tena, halafu ikangoja ilipuke karibu na Chicago, ni mtihani mkubwa. Kuipakia Cleveland kunafupisha njia. Kama ilikuwa kwenye umbo la dainamaiti hoja yangu inalegea, nakubali, kwa sababu dainamaiti inavumilia.

Tatu, na hapa nitapingwa: sidhani lengo lilikuwa abiria yeyote. Ndege ilikuwa na viti 10 na abiria wanne. Wapelelezi waliwapekua hao wanne wakatoka mikono mitupu. Mimi ningetazama zaidi upande wa kampuni na upande wa mizigo: nani alikuwa na kinyongo na United, na nani angeweza kuifikia sehemu ile ya nyuma bila kuulizwa anafanya nini. Mtu wa uwanjani huifikia kila siku, na hakuna anayemkumbuka.

Mwenye muda wa kuzipitia zile nyaraka 324, namwomba aanze na zinazohusu Cleveland, aangalie nani aligusa mizigo jioni ile, kisha alete hapa alichokiona.